Mizani, Saa na Jicho la Jaji

Kenya ilitoka Mexico City mwaka 1968 ikiwa na medali tisa za Olimpiki. Nane zilipatikana uwanjani, katika mbio, na moja ilipatikana ulingoni. Miongoni mwa zile nane ilikuwamo fedha ya mita 800 ya Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho, aliyemaliza kwa dakika 1 na sekunde 44.5, sehemu mbili za kumi za sekunde nyuma ya Ralph Doubell wa Australia. Ile ya tisa ilikuwa shaba ya Philip Waruinge, bondia wa Nakuru, ambaye katika nusu fainali ya uzani wa unyoya alishindwa na Antonio Roldán, mwenyeji wa Mexico, kwa kura tatu za majaji dhidi ya mbili. Hakuna aliyewahi kubishana na fedha ya Kiprugut. Shaba ya Waruinge inabishaniwa hadi leo, na mzozo huo haukuanzishwa na Wakenya wenye uchungu. Ulianzishwa na wakuu wa ndondi wenyewe, walipompa bondia huyohuyo waliyemnyima fainali Kombe la Val Barker, tuzo ya mpiganaji aliyeonyesha ufundi kuliko wote katika michezo ile.

Makala haya yanatetea hoja moja. Historia ya hukumu tata katika ndondi, za ridhaa na za kulipwa, husimuliwa kwa kawaida kama historia ya rushwa, na dawa inayopendekezwa huwa ni mashine. Naona masimulizi hayo ni nusu ya ukweli. Hukumu ya jicho la binadamu haiepukiki, na haki haipatikani kwa kulifumba jicho hilo. Haki hukaribia pale mwenye jicho anapolazimika kueleza alichokiona mbele ya yule anayehukumiwa, wakati maelezo hayo bado yanaweza kuleta mabadiliko. Nchi ya chai ya Kericho na Bomet ni mahali pazuri pa kuipima hoja hii. Watu wake wameishi chini ya aina tatu za hukumu kwa miaka mingi: saa ya mkimbiaji, mizani ya kituo cha kupokelea majani ya chai, na jicho la mtu anayeamua ubora wa kazi ya mwingine.

Tuanze na saa, maana ndiyo inayosifiwa kuliko zote. Mara nyingi husemwa kwamba mbio ziliota mizizi katika nyanda za Wakipsigis, wenyeji wa Kericho na Bomet, kwa kuwa saa haina ndugu wala rafiki. Lakini tuitazame medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Kenya, ile shaba ya Kiprugut ya Tokyo mwaka 1964. Peter Snell wa New Zealand alichukua dhahabu, Bill Crothers wa Canada akachukua fedha. Wa tatu alikuwa Kiprugut kwa dakika 1 na sekunde 45.9. Wa nne alikuwa George Kerr wa Jamaica, naye muda wake ulikuwa dakika 1 na sekunde 45.9. Muda ulioandikwa ulikuwa mmoja, medali ilikuwa moja, na ilibidi binadamu waseme nani ametangulia. Kwa hiyo hata medali iliyofungua ukurasa wa riadha ya Kenya haikuamuliwa na tarakimu za saa peke yake. Kilichoiepusha na mzozo ni kwamba mstari wa kumalizia ni mmoja, kila mtu anajua unapimwaje, na mwenye shaka anaweza kuonyeshwa ushahidi uleule alioutumia mwamuzi. Ubora wa riadha haumo katika kukosa majaji. Umo katika jambo dogo wanaloulizwa majaji hao, na uwazi wa jibu lao.

Ulingoni jaji huulizwa jambo kubwa zaidi. Bondia mmoja amerusha makonde mengi mepesi, mwingine amepiga machache mazito. Mmoja ameshambulia muda wote, mwingine amemkwepa na kumwadhibu kila alipokosea. Nani ameshinda raundi? Waruinge alikuwa wa aina hii ya pili, bondia wa mahesabu, mwepesi wa miguu, mwenye mkono wa kushoto uliofika kabla mpinzani hajajipanga. Wakati huo alikuwa tayari bingwa wa Jumuiya ya Madola wa mwaka 1966 kule Kingston, na angekuwa tena bingwa mwaka 1970 kule Edinburgh. Ndani ya ukumbi wa Mexico City, umati ukimshangilia kijana wa nyumbani, majaji watatu walimwona Roldán na wawili wakamwona Waruinge. Roldán alitwaa dhahabu baada ya mpinzani wake katika fainali, Mmarekani Al Robinson, kuondolewa kwa kosa la kupiga kwa kichwa. Miaka minne baadaye, mjini Munich, Waruinge alifika fainali na kukutana na Boris Kuznetsov wa Muungano wa Sovieti. Matokeo yalikuwa yaleyale, tatu kwa mbili, na Kenya ikapata fedha. Mara mbili njia ya bondia mmoja kuelekea dhahabu ilifungwa kwa kura moja, na mara zote mbili kura zilihesabiwa tu, hazikuelezwa. Jaji wa tatu, yule aliyeuelekeza mzani upande mmoja, hakuulizwa kwa nini.

Hapa ndipo nchi ya chai inapoingia. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kwenye ardhi iliyonyakuliwa kutoka kwa Wakipsigis. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 25,000 kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, wakalima kitani, bei ya kitani ikaporomoka, nao wakafilisika. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai ya Brooke Bond na James Finlay yakaingia. Mwafrika alikuwa mchumaji wa chai kwa miongo mitatu kabla ya kuruhusiwa kuwa mkulima wake. Mlango ulifunguliwa polepole baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954, kisha mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya mazao maalumu, na mwaka 1964 ikazaliwa KTDA, mamlaka ya maendeleo ya chai, iliyowaunganisha wakulima wadogo na viwanda vya Litein, Kapkatet, Mogogosiek, Kapkoros na vinginevyo katika eneo ambalo hadi mwaka 1992 lilikuwa wilaya moja ya Kericho, kabla ya Bomet kujitenga. Tangu siku za mwanzo, kwenye shamba la kampuni na kwenye shamba la mkulima mdogo, kazi ya mtu ilikamilika pale mtu mwingine alipoitazama, akaipima na kuigeuza kuwa tarakimu.

Utaratibu wa kituo cha majani unastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake zimo hukumu mbili tofauti. Mkulima hufika na gunia au kikapu chake na kuyamwaga majani mezani. Karani huyapekua kwa vidole. Anachotaka ni majani mawili na chipukizi. Jani lililokomaa, shina gumu na jani lililoungua kwa kubanwa gunia likiwa na joto huchambuliwa na kuwekwa kando. Hiyo ni hukumu ya jicho. Kisha gunia hutundikwa kwenye mizani na uzito husomwa. Hiyo ni hukumu ya kifaa. Ukisikiliza malalamiko ya wakulima na wachumaji kwa miaka yote, utashangaa kuona kwamba mizani, kifaa kisicho na ndugu wala rafiki, ndiyo iliyolalamikiwa kwa muda mrefu: kilo zilizokatwa kwa ajili ya uzito wa gunia, kilo zilizokatwa kwa ajili ya maji ya mvua, mshale uliosomwa haraka na kitabu kilichoandikwa kando ya macho ya mwenye mali. Vidole vya karani vilileta ugomvi pia, lakini ulikuwa ugomvi wa ana kwa ana. Mkulima aliliona jani lililokataliwa, aliliokota, akauliza lina kosa gani, na karani, ambaye mara nyingi anamfahamu kwa jina, alilazimika kumjibu palepale mbele ya majirani. Mizani za elektroniki zilipoenea katika miaka ya 2000, jambo la maana zaidi walilopata wakulima lilikuwa risiti. Tarakimu ilitoka kwenye kitabu cha mtu mwingine ikaingia mkononi mwa mwenye majani.

Lakini ugomvi haukufa. Ulihama. Baada ya kiwanda kusaga na kukausha, chai hupelekwa Mombasa, ambako mnada umekuwa ukifanyika tangu mwaka 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi. Kabla ya mnada, mawakala huonja. Kiasi kidogo cha chai hupimwa, humiminiwa maji yanayochemka, huachwa kwa dakika chache, kisha muonjaji huchota kwa kijiko, huvuta kwa nguvu mpaka chai itawanyike mdomoni, hupima ukali, rangi na uhai wake, hutema na kusogea kwenye bakuli linalofuata. Kwa kauli yake chai hukadiriwa bei, na bei hiyo ndiyo inayozaa bonasi, malipo ya mwisho wa mwaka ambayo mkulima wa Kericho na Bomet huyategemea kulipa karo na madeni. Kwa miaka kadhaa bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa chini ya ile ya mashariki, na mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet waliandamana kuipinga. Walioelezwa kwamba sababu ni ubora na bei ya mnada hawakuridhika. Sisemi kwamba waonjaji ni wezi, wala kwamba ubora haupo. Muonjaji mzuri ana ujuzi wa miaka mingi, na ulimi wake ni kifaa cha kazi. Nasema tu kwamba kati ya bakuli la Mombasa na meza ya Mogogosiek hakuna mtu anayelazimika kumwonyesha mkulima jani lenyewe na kumwambia kosa lake. Tarakimu ya mwisho inafika bila maelezo, na tarakimu isiyo na maelezo hufanana na dhuluma hata pale isipokuwa dhuluma.

Sasa turudi ulingoni, katika ndondi za kulipwa. Majaji watatu huketi pande tatu za ulingo, kila mmoja akiandika kadi yake peke yake. Mshindi wa raundi hupewa pointi kumi, aliyeshindwa hupewa tisa au pungufu. Kadi hukusanywa raundi baada ya raundi, na mwishoni jumla husomwa. Kwa juu juu utaratibu huu ni wazi kuliko ule wa Mexico 1968, kwa kuwa baadaye tunaweza kuona kila jaji alimpa nani raundi gani. Kinachokosekana ni kilekile kinachokosekana kati ya Mombasa na Mogogosiek: sababu. Machi 1999, katika ukumbi wa Madison Square Garden wa New York, jina ambalo vijana wa Nakuru waliazima kwa ukumbi wao wa ndondi, Lennox Lewis alimpiga Evander Holyfield makonde 348 yaliyotua, naye akapigwa 130, kwa hesabu ya kampuni inayohesabu makonde. Jaji mmoja alimpa Lewis ushindi, mwingine alisema sare, na wa tatu, Eugenia Williams, akampa Holyfield kwa 115 dhidi ya 113. Pambano likawa sare. Kilichowachoma watu zaidi ni raundi ya tano, ambayo Lewis alimbana Holyfield kwenye kamba na kumtwanga, na ambayo Williams alimpa Holyfield.

Kisa hicho kina funzo ambalo halitajwi vya kutosha. Williams alipohojiwa baadaye alieleza kwamba wapiga picha walikuwa wamemzuia kuona vizuri, na kwamba baada ya kutazama mkanda angempa Lewis raundi ile. Mtu anaweza kuyaamini maelezo hayo au kuyakataa. Lakini tazama yalivyo: ni sababu halisi, inayoweza kuchunguzwa, inayoweza kuzuiwa kwa kuhamisha kiti au kumwondoa mpiga picha. Ilipatikana kwa kuuliza tu. Kama angeulizwa baada ya raundi ya tano badala ya baada ya siku nyingi, huenda kizuizi hicho kingeondolewa kabla ya raundi zilizobaki. Vivyo hivyo Juni 2012 kule Las Vegas, majaji wawili walimpa Timothy Bradley ushindi dhidi ya Manny Pacquiao. Shirikisho lililoidhinisha ubingwa huo liliwaita majaji wengine watano kuutazama mkanda, wote watano wakampa Pacquiao, na matokeo hayakubadilika. Septemba 2017 jaji Adalaide Byrd alimpa Saúl Álvarez raundi kumi kati ya kumi na mbili dhidi ya Gennady Golovkin, huku mwenzake mmoja akimpa Golovkin ushindi na mwingine akiona sare. Tume ya michezo ya Nevada ilimpumzisha Byrd kwa muda katika mapambano makubwa. Adhabu ilikuja, maelezo hayakuja. Tunajua kwamba aliona tofauti na wengine, hatujui aliona nini.

Pingamizi la kwanza nitakalolijibu ndilo lenye nguvu zaidi. Wengi watasema: acha maneno mengi, hawa wamehongwa, na usipeleke kesi ya ngedere kwa nyani. Tuutazame basi mfano mkubwa kuliko yote, Seoul 1988. Roy Jones wa Marekani alipigana na Park Si-hun wa Korea Kusini katika fainali, akatua makonde 86 dhidi ya 32, na akashindwa kwa kura tatu kwa mbili. Waliompa Park ushindi walikuwa jaji wa Uganda, jaji wa Uruguay na jaji wa Morocco. Kisha, kama alivyofanyiwa Waruinge miaka 20 kabla, Jones akapewa Kombe la Val Barker. Kamati ya Olimpiki ilichunguza na mwaka 1997 ikasema haikupata ushahidi wa hongo. Zaidi ya hayo, iliripotiwa kwamba jaji wa Morocco alisema alimwona Jones ameshinda waziwazi, akadhani wenzake wote wangempa, naye akampa Mkorea ili mwenyeji asiaibike kwa kushindwa tano kwa sifuri. Kama hivyo ndivyo, basi dhahabu iliibwa na huruma iliyofichwa, bila senti moja kubadilisha mikono. Mwamba ngoma huvutia kwake, na katika ukumbi wa mwenyeji hata asiye mwenyeji hujikuta akiivuta.

Sikatai kwamba hongo ipo. Uchunguzi ulioongozwa na Richard McLaren ulitangaza mwaka 2021 kwamba katika Olimpiki ya Rio 2016 kulikuwa na mfumo wa kuyapanga matokeo, na majaji waliokubali walitumiwa huku waadilifu wakiwekwa pembeni. Ninachokataa ni kuifanya hongo maelezo ya kila kitu, kwa sababu mbili. Kwanza, inawaachia huru majaji wazembe, wenye huruma, waliozibwa macho na wanaovutwa na kelele za umati, ambao kwa bondia hasara yao ni ileile. Pili, hongo yenyewe hustawi penye ukimya. Jaji ambaye hatatakiwa kueleza lolote anaweza kuuza kura yake bila hofu. Jaji anayejua atasimama na kusema kwa nini raundi ya tano ilikwenda upande huu atahitaji kutunga uongo unaolingana na mkanda ambao kila mtu ameutazama. Sharti la kueleza huwaumbua wezi na huwarekebisha waliokosea, na halihitaji kwanza kujua nani ni nani. Na tukumbuke kwamba dhahabu pekee ya Kenya ya ndondi katika Olimpiki ilipatikana Seoul kulekule: Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali. Hakuacha kadi ya kuhesabiwa. Mchezo unaomtaka bondia ampoteze mwenzake fahamu ili awe na uhakika wa haki umewakosea wote wawili.

Pingamizi la pili ni la wapenda mashine. Baada ya aibu ya Seoul, ndondi za ridhaa zilifanya hasa walichokitaka. Kuanzia Barcelona 1992 majaji watano walipewa vitufe, na konde lilihesabiwa tu kama angalau watatu walibonyeza ndani ya takriban sekunde moja. Katika michezo hiyohiyo ya kwanza Eric Griffin wa Marekani alishindwa na Rafael Lozano wa Hispania, mwenyeji, pointi tano kwa sita, ilhali kila jaji kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa amemhesabia Griffin makonde mengi zaidi. Majaji wote watano walimwona mshindi, kompyuta ikamwona ameshindwa, kwa sababu vidole havikubonyeza kwa pamoja. Mfumo huo uliendelea hadi London 2012, ukawafundisha mabondia kugusa na kukimbia, kisha mwaka 2013 ukaachwa na ndondi za ridhaa zikachukua mfumo wa pointi kumi. Mashine haikuliondoa jicho. Ilililazimisha lijifiche nyuma ya kitufe. Wakulima wa chai wangeweza kuwaonya wakuu wa ndondi mapema. Mizani ilikuwa na mshale usiopendelea mtu tangu siku ya kwanza, na bado ililalamikiwa mpaka mkulima alipopata njia ya kuusoma mwenyewe. Kifaa husaidia pale kinapomwonyesha anayehukumiwa kile anachokiona mwenye kuhukumu. Kikimfungia nje, kinaongeza tu ukuta mmoja.

Pingamizi la tatu hutoka kwa majaji wenyewe, nalo ni la haki. Wanasema mashabiki hutazama kwa moyo, hufuata kelele, na huona kwa kamera iliyo upande mmoja, ilhali jaji yupo hatua chache kutoka kwenye kamba, anasikia konde likitua, na wala hana bondia wake. Wanaongeza kwamba si kila hukumu ya karibu ni wizi. Ni kweli. Oktoba 2016, mjini Flint, Michigan, Fatuma Zarika wa Kenya alipigana na Alicia Ashley, Mmarekani mzaliwa wa Jamaica, ugenini kabisa, na majaji wawili kwa mmoja wakampa Zarika ubingwa wa dunia wa WBC, Baraza la Ndondi la Dunia. Kama tunamlilia Waruinge kwa kura moja, uaminifu unatutaka tukumbuke kwamba Zarika naye alitawazwa kwa kura moja, na kwamba upande wa Ashley ungeweza kuuliza maswali yetu yaleyale. Lakini hoja hii inaunga mkono ninachokisema. Ikiwa jaji ameona kitu ambacho shabiki hakukiona, basi jaji ndiye mwenye faida kubwa ya kukieleza. Hukumu iliyo sahihi ndiyo inayodhulumiwa zaidi na ukimya, maana inabaki ikishukiwa sawasawa na iliyo mbovu.

Mwisho, kuna wanaosema uwazi utauharibu mchezo. Baraza la WBC limewahi kujaribu kutangaza pointi hadharani baada ya raundi ya nne na ya nane, na wapinzani wakalalamika kwamba anayejua ameshatangulia hukimbia katika raundi za mwisho, na hamu ya watazamaji hupotea. Lalamiko lina uzito, lakini linalinganisha vitu viwili visivyo sawa: msisimko wa anayetazama na riziki ya anayepigwa. Bondia anayedhani anaongoza huku kadi zikisema vingine ananyimwa nafasi ya kubadili mbinu kabla ya kengele ya mwisho. Isitoshe, kutangaza jumla si sawa na kueleza. Tarakimu tupu iliyotangazwa mapema bado ni tarakimu tupu, kama vile bonasi iliyotangazwa mwezi mmoja kabla isingemwambia mkulima jani lake lilikosea wapi. Kinachotakiwa ni kidogo na hakiharibu kitu: kila jaji aandike sababu moja fupi kwa kila raundi, konde lililotua, mashambulizi yaliyotawala, ulinzi uliozidi, kadi hizo zifunguliwe kwa kambi zote mbili usiku uleule, na kuwe na mtu mwenye mamlaka ya kurekebisha raundi pale ambapo mkanda unaipinga sababu iliyoandikwa waziwazi.

Kenya inaweza kuanza bila kumsubiri mtu. Wanaosimamia ndondi zetu, za ridhaa na za kulipwa, wanaweza kuweka sharti hilo katika pambano lolote la nyumbani, liwe Nairobi, Nakuru au Kericho, kwa gharama ya karatasi na kalamu. Litawakera baadhi ya majaji, na wengine wataondoka; watakaobaki watakuwa wale wanaojua walichokiona. Litawapa vijana wa nyanda za chai wanaopenda ngumi sababu ya kuamini kwamba mchezo huo unaweza kuwatendea haki kama mbio zilivyowatendea wakubwa wao. Waruinge aliendelea na ndondi za kulipwa nchini Japani, na Aprili 1976 alipigania ubingwa wa dunia jijini Panama dhidi ya Rigoberto Riasco, akashindwa kabla ya mwisho, bila mzozo, kwa kuwa usiku ule mpinzani alimzidi na kila mtu aliona. Bondia hudai jambo dogo kuliko ushindi: kwamba akishindwa aambiwe kwa nini, kwa maneno yanayoweza kujibiwa. Mkulima wa Bomet humdai karani jambo hilohilo kila asubuhi anapoliokota jani lililotupwa na kuuliza lina kosa gani, na karani humjibu. Jaji wa ndondi hana sababu ya kudaiwa pungufu ya hapo.